Wadai hawawezi kukamata malipo yako ya ulemavu: mwongozo kwa wanaoishi Marekani

Tumelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa, na wakusanya madeni wanajua fika kwamba mwenye aibu hulipa haraka kuliko mwenye fedha. Kwa hiyo kila mwezi kuna watu Marekani wanaoishi kwa malipo ya ulemavu wanaochelewesha kodi ya nyumba au kuruka dozi ya dawa ili wamlipe mtu anayefoka kwenye simu, ilhali fedha hizo sheria ya nchi imezikinga. Kinga ipo, na ni imara. Lakini haijifanyii kazi yote yenyewe: kuna mambo benki inalazimika kukufanyia, na kuna mambo ambayo usipoyafanya wewe, hakuna atakayeyafanya.

Hatua ya kwanza: jua unapokea malipo gani

Usianze kujitetea kabla hujajua fedha zako zinatoka mfuko upi, kwa sababu kinga zinatofautiana.

SSDI ni malipo ya bima ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii (Social Security). Hulipwa mtu aliyefanya kazi na kukatwa michango kabla ya kupata ulemavu. SSI ni msaada kwa mlemavu, mtu asiyeona au mzee mwenye kipato kidogo sana na mali kidogo, hata kama hajawahi kuajiriwa. Wapo wanaopata yote mawili. Ukiwa huna hakika, tafuta barua ya kuthibitisha mafao yako, ambayo Ofisi ya Hifadhi ya Jamii hukupa bure, ama kupitia akaunti yako kwenye tovuti yao, ama kwa simu, ama kwa kwenda ofisini. Ofisi hiyo pia hutoa mkalimani bila malipo, kwa hiyo usimchukue mtoto wa shule kukutafsiria mambo mazito kama haya. Barua hiyo itunze, utaihitaji zaidi ya mara moja.

Malipo yote mawili yanalindwa na kifungu cha 207 cha Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Kifungu hicho kinasema fedha hizi haziwezi kukamatwa wala kuzuiwa kwa amri ya mahakama kwa ajili ya wadai. Mwaka 1973, katika kesi ya Philpott dhidi ya bodi ya ustawi ya kaunti ya Essex, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kinga hiyo haiishi pale fedha zinapoingia benki, bali zinaendelea kulindwa zikiwa kwenye akaunti. Malipo ya ulemavu ya wanajeshi wastaafu nayo yana kinga yake chini ya sheria nyingine ya shirikisho. Malipo ya ulemavu kutoka kampuni binafsi ya bima, au fidia ya kuumia kazini, hayamo kwenye kifungu cha 207. Hayo hutegemea sheria za jimbo lako, na majimbo hayafanani.

Kwa hiyo kampuni ya kadi ya mkopo, hospitali, mwenye nyumba wa zamani, aliyekukopesha gari au kampuni iliyonunua deni lako la miaka mingi, wote hawa hawana haki ya kuchukua SSDI wala SSI yako, hata wakikushinda mahakamani. Deni linabaki deni, lakini fedha hizi hawazifikii.

Hatua ya pili: panga akaunti yako kabla ya matatizo

Hapa ndipo ninapowasihi watu watumie muda wao mwingi, kwa sababu akaunti iliyopangwa vizuri humaliza nusu ya vita kabla haijaanza.

Tangu Mei 2011 kuna kanuni ya Wizara ya Fedha ya Marekani inayozibana benki. Benki ikipokea amri ya mahakama ya kukamata fedha za mteja, ni lazima ikague akaunti kwanza, kwa kawaida ndani ya siku mbili za kazi, na kutazama miezi miwili iliyopita. Ikikuta kuna mafao ya serikali kuu yaliyoingia moja kwa moja, ni lazima ikuachie kiasi sawa na jumla ya mafao hayo, au salio lote kama salio ni dogo kuliko jumla hiyo. Huhitaji kwenda mahakamani wala kujaza fomu ili upewe sehemu hiyo. Benki hairuhusiwi kukutoza ada ya kushughulikia amri hiyo kutoka kwenye kiasi kilicholindwa.

Tuseme SSDI yako ni dola 1,400 kwa mwezi, na katika miezi miwili ya ukaguzi yaliingia malipo mawili. Jumla ni dola 2,800. Akaunti ikiwa na dola 3,100, benki inakuachia 2,800 uzitumie kama kawaida, na dola 300 zinaweza kuzuiwa. Hizo 300 nazo huenda ni akiba kutoka mafao ya miezi ya nyuma, na kama ni hivyo bado ni zako kisheria, ila sasa mzigo wa kuthibitisha hilo mbele ya mahakama ni wako.

Kwa hiyo, fanya haya:

- Mafao yaingie moja kwa moja kwenye akaunti au kwenye kadi ya serikali ya Direct Express. Hundi ya karatasi uliyopeleka benki mwenyewe haimo kwenye ulinzi huu wa papo kwa papo.
- Akaunti hiyo iwe ya mafao peke yake. Usichanganye na mshahara wa mwenzi wako, fedha za kikundi, wala fedha ambazo ndugu amekuomba umtunzie. Zikichanganyika, kinga haifi, lakini kuthibitisha dola ipi ni ya nani kunakuwa kazi.
- Usihamishie mafao akaunti ya pili bila sababu. Benki hukagua akaunti ambayo mafao yaliingia moja kwa moja. Ukizipeleka fedha kwenye akaunti ya akiba, ulinzi wa papo kwa papo hauzifuati huko.
- Chagua benki usiyodaiwa nayo. Kama benki ileile inakudai mkopo au ada za kutoa fedha zaidi ya salio, inaweza kujaribu kujilipa yenyewe kutoka akaunti yako, na mahakama hazijakubaliana sawasawa kuhusu hilo. Njia salama ni mafao kuingia kwingine kabisa.
- Futa ruhusa zote ulizowahi kutoa za kukatwa fedha moja kwa moja na wadai. Kifungu cha 207 kinazuia kukamatwa, hakikuzuii wewe kulipa kwa hiari, na mdai uliyempa namba ya akaunti kwa ridhaa yako atasema ulilipa kwa hiari.

Anayepata SSI ana jambo la ziada. Kwa kawaida hapaswi kuwa na mali inayohesabika inayozidi dola 2,000, au dola 3,000 kwa wanandoa. Malimbikizo ya SSI, yaani malipo ya miezi ya nyuma uliyocheleweshewa, hayahesabiwi kwa miezi 9 tangu kupokelewa, lakini baada ya hapo yanahesabiwa. Akaunti ya ABLE, ya akiba kwa watu wenye ulemavu, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014, inakuruhusu kuweka akiba hadi dola 100,000 bila kuathiri SSI. Zamani, ili uifungue, ulemavu ulipaswa kuanza kabla ya umri wa miaka 26. Kuanzia Januari 2026 kikomo ni kabla ya miaka 46, kwa hiyo wengi waliowahi kukataliwa sasa wanastahili. Ila uliza kwanza sheria ya jimbo lako inavyozilinda fedha za ABLE dhidi ya wadai, kabla hujahamishia kiasi kikubwa.

Hatua ya tatu: jibu simu na barua kwa utaratibu wako

Sheria ya shirikisho ya mwaka 1977 kuhusu ukusanyaji wa madeni inawahusu hasa wakusanya madeni, yaani wanaokusanya kwa niaba ya wengine au walionunua deni lililokwisha kushindikana. Aliyekukopesha mwenyewe kwa kawaida haguswi na sheria hiyo, ingawa majimbo mengine yana sheria zinazomgusa.

Mkusanya madeni haruhusiwi kukupigia kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku kwa saa za unakoishi. Kwa kanuni zilizoanza Novemba 2021, akipiga zaidi ya mara 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja huchukuliwa kuwa amevuka mpaka, na akishaongea nawe anatakiwa kusubiri siku 7 kabla ya kupiga tena kuhusu deni hilo. Hawezi kutukana. Hawezi kutishia kwamba utakamatwa na polisi au utafukuzwa nchini kwa sababu ya deni la kadi au la hospitali. Akikwambia atachukua SSI yako, anakutishia jambo asiloweza kulifanya kisheria, na tishio lenyewe ni kosa. Andika tarehe, saa, jina alilojitambulisha nalo na maneno aliyoyasema. Ujumbe wa sauti usiufute.

Kwenye simu usikubali kwamba deni ni lako, usitaje benki yako, na usilipe hata dola 5 za "kuonyesha nia njema". Hili la mwisho limewaumiza watu wengi. Kila deni lina muda ambao mdai anaweza kushtaki, na muda huo hutofautiana kwa jimbo na aina ya deni. Katika majimbo mengi malipo madogo tu yanaweza kuanzisha muda huo upya, na deni lililokuwa limekufa kisheria likafufuka. Mkusanya madeni haruhusiwi kushtaki wala kutishia kushtaki kwa deni lililopita muda wake, lakini kukushawishi ulipe kidogo si sawa na kutishia.

Anapaswa kukupa maelezo ya deni kwa maandishi, ama mwanzoni kabisa ama ndani ya siku 5 tangu mawasiliano ya kwanza. Ukilipinga deni kwa maandishi ndani ya siku 30 tangu uyapokee, lazima asimamishe ukusanyaji hadi akuletee uthibitisho. Pinga hata kama unakumbuka kulikuwa na deni la namna hiyo. Deni linalouzwa mara kadhaa hufika likiwa na kiasi kisicho sahihi, riba isiyoeleweka, au jina la mtu mwingine mnayefanana majina.

Ukishajua kwamba huna kipato kingine wala mali ya kukamatwa, unaweza kumwandikia aache kabisa kuwasiliana nawe. Barua iwe kwa Kiingereza, fupi, na iseme mambo manne: kwamba unapinga deni, au huwezi kulilipa, kwamba kipato chako pekee ni malipo ya ulemavu ya Hifadhi ya Jamii yanayolindwa na kifungu cha 207, kwamba huna mali nyingine inayoweza kukamatwa, na kwamba unamtaka asitishe mawasiliano yote. Usiandike namba ya Hifadhi ya Jamii wala ya akaunti. Itume kwa njia ya posta yenye stakabadhi ya kupokelewa, na ubaki na nakala. Baada ya kuipokea anaruhusiwa tu kukujulisha kwamba ameacha, au kwamba anachukua hatua fulani ya kisheria. Barua haifuti deni na haimzuii kushtaki. Lakini anayesoma kwamba hata akishinda hatapata kitu, mara nyingi hugeukia faili lingine.

Hatua ya nne: ukishtakiwa, nenda

Nikiruhusiwa kusema jambo moja tu katika mwongozo huu wote, ni hili. Karatasi za mahakama zikifika, usiziweke kwenye droo.

Watu huniambia, "Fedha zangu zinalindwa, kwa nini nijisumbue?" Ni kwa sababu usipojibu, mahakama hutoa hukumu kwa kusikiliza upande mmoja, mara nyingi bila mtu yeyote kuhakikisha kama deni ni lako, kama kiasi ni sahihi au kama muda umepita. Hukumu hiyo hudumu miaka mingi na inaweza kuongezewa riba. Leo huna kitu. Kesho unarudi kazini, unarithi kiwanja, au unanunua nyumba, na hukumu inakusubiri pale pale. Aidha, mwenye hukumu ndiye anayepata amri ya kwenda benki.

Karatasi zenyewe zitakuambia una siku ngapi za kujibu. Hesabu tangu siku uliyokabidhiwa. Mahakama nyingi zina fomu ya kujibu, na mwenye kipato kidogo anaweza kuomba asamehewe ada. Katika jibu lako kanusha usichokijua kwa hakika, na taja utetezi ulio nao: si deni langu, kiasi si sahihi, muda wa kushtaki umepita, aliyeshtaki hajaonyesha kwamba yeye ndiye mwenye haki ya kudai deni hilo. Weka wazi pia kwamba kipato chako kinalindwa. Siku ya kusikilizwa fika mapema, na kama hutaweza kwa sababu ya afya, iandikie mahakama kabla, uombe kuhudhuria kwa simu au kupewa tarehe nyingine. Mahakama zinapaswa kumrahisishia mtu mwenye ulemavu, lakini ni lazima uombe. Mkalimani pia omba mapema.

Nje ya chumba cha mahakama wakili wa mdai anaweza kukufuata kwa sauti ya upole na karatasi ya makubaliano: dola 50 kila mwezi, saini hapa. Huna wajibu wa kusaini. Soma, muulize karani au wakili wa msaada wa kisheria, kisha uamue.

Na baada ya hukumu, unaweza kuitwa uje ueleze una mali gani. Mwito huo usiupuuze kamwe. Marekani hufungwi kwa kushindwa kulipa deni la kadi, lakini katika majimbo mengi jaji anaweza kuamuru ukamatwe kwa kudharau mwito wa mahakama. Nenda na barua yako ya mafao, eleza ukweli, urudi nyumbani.

Hatua ya tano: akaunti ikizuiwa

Kadi ikikataa dukani, nenda benki siku hiyo hiyo. Uliza kama kuna amri ya mahakama, imetoka mahakama gani, na benki imelinda kiasi gani baada ya kukagua miezi miwili. Kama kuna kiasi kilichozuiwa, benki inapaswa kukutumia taarifa ya maandishi ndani ya siku 3 za kazi baada ya ukaguzi. Ikiwa mafao yaliyoingia moja kwa moja yamezuiwa pia, omba kuonana na meneja na umtajie kanuni ya Wizara ya Fedha ya kulinda mafao ya shirikisho. Mhudumu wa dirishani huenda hajawahi kuisikia.

Kwa fedha zilizobaki, jaza fomu ya mahakama ya kudai kinga. Ambatisha barua ya mafao na taarifa za akaunti zinazoonyesha kila fedha iliyoingia. Muda wa kuipeleka ni mfupi sana katika baadhi ya majimbo, ni siku chache tu. Mpelekee pia wakili wa mdai nakala. Wapo wanaoachia fedha bila kusubiri jaji wakishaona ushahidi uko wazi.

Pale kinga isipofika

Matunzo ya mtoto na ya mwenza mlioachana yanaweza kukatwa kwenye SSDI, na kulingana na hali yako makato yanaweza kufika hata 65%. Kodi ya mapato unayodaiwa na serikali kuu nayo inaweza kukatwa. Madeni mengine ya serikali kuu yana kikomo cha 15%, na dola 750 za kwanza kila mwezi haziguswi: mwenye SSDI ya dola 800 hawezi kukatwa zaidi ya dola 50. SSI haiguswi na makato yote haya, ingawa anayedaiwa matunzo au kodi anapaswa kupeleka maombi ya kupunguziwa badala ya kuliacha deni likue.

Kama deni lako la serikali ni mkopo wa elimu, usizungumzie mpango wa malipo kabla hujaomba kufutiwa kwa sababu ya ulemavu wa kudumu. Uamuzi wa Hifadhi ya Jamii au cheti cha daktari kinaweza kutosha.

Barua inayowatisha watu kuliko zote ni ile ya Hifadhi ya Jamii yenyewe inayodai kwamba ilikulipa zaidi. Kama unaona wamekosea, kata rufaa ndani ya siku 60. Kama ni kweli ulilipwa zaidi ila hukuwa na kosa na kurudisha kutakuumiza, omba usamehewe kwa fomu SSA-632, ambayo haina tarehe ya mwisho. Ukiwahi ndani ya siku 30 za mwanzo, makato hayaanzi kabla ombi halijaamuliwa. Na kama ni lazima kulipa, omba kiwango unachokimudu, huku ukionyesha matumizi yako ya mwezi.

Deni la hospitali lina mlango wake. Hospitali isiyo ya faida inatakiwa na sheria kuwa na mpango wa kuwasaidia wasio na uwezo, na una angalau siku 240 tangu ankara ya kwanza baada ya matibabu kuomba. Omba hata kama ankara imeshapelekwa kwa mkusanya madeni.

Pa kwenda kuomba msaada

Ofisi za msaada wa kisheria zinazofadhiliwa na Legal Services Corporation zipo katika kila jimbo, na kwa kawaida huhudumia wenye kipato kisichozidi 125% ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu. Anayeishi kwa SSI karibu kila mara yumo. Malalamiko dhidi ya mkusanya madeni yapeleke kwa Mwanasheria Mkuu wa jimbo lako na kwa ofisi ya shirikisho ya kulinda watumiaji wa huduma za fedha. Aliyevunja sheria ya 1977 unaweza kumshtaki ndani ya mwaka mmoja, ukadai hasara uliyopata pamoja na fidia ya hadi dola 1,000, na ukishinda yeye ndiye anayelipa wakili wako. Ndiyo maana mawakili wengine huchukua kesi hizi bila kukutoza.

Jihadhari na kampuni zinazojitangaza kwamba zitapunguza madeni yako. Zile zinazouza huduma hiyo kwa simu haziruhusiwi kuchukua ada kabla ya kumaliza angalau deni moja, na kwa mtu asiye na kipato kinachokamatika mara nyingi hazina cha kumfanyia. Kufilisika kisheria nako kuna nafasi yake, hasa kama una nyumba au unatarajia kurudi kazini, lakini muulize wakili wa msaada kama unahitaji hatua hiyo, maana wengi hawaihitaji.

Siku ya miadi nenda na barua ya mafao, taarifa za benki za miezi mitatu, kila barua ya mdai pamoja na bahasha yake yenye muhuri wa tarehe, karatasi za mahakama, na daftari la simu walizokupigia. Kama ulikabidhiwa karatasi za mahakama, taja tarehe hiyo kabla ya jambo lingine lolote, ili wakili ajue zimebaki siku ngapi.